Nukta za Dhahabu

Mwanamke huyo hakuwa na miadi. Aliusukuma mlango kwa bega, akaingia amekumbatia mzigo uliofungwa kwa kitenge, na ofisi nzima ikajaa harufu ya dagaa wakavu.

"Wewe ndiye Immaculate wa mabomu?" aliuliza.

Immaculate Kigen aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Wageni wasiotarajiwa katika jengo lile la Stafford, kando ya Houston, kwa kawaida walikuwa wamepotea njia wakimtafuta daktari wa meno wa mlango wa pili. Hakuna aliyewahi kuja kwa hiari yake kuitafuta Taasisi ya Mabaki, shirika dogo lililochunguza vipande vya silaha vilivyookotwa vitani na kusema vimetoka wapi.

"Ni mimi. Karibu, dada. Keti."

"Naitwa Dévote. Mimi ni Murundi, nakaa Haltom City, huko Fort Worth. Nime-drive kutoka asubuhi, bwana yangu amebaki na watoto. Sauti yako nilisikia ku WhatsApp, ile ulisema juu ya droni. Bon. Nikasema, huyu anajua Kiswahili, hatanizungusha."

Alifungua kitenge mezani. Ndani mlikuwa na mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko dagaa, na ndani ya dagaa kipande cha bawa chenye masizi, kikubwa kama kiganja, kikining'iniza mota ndogo kwa waya mmoja.

"Samahani kwa harufu. Bujumbura walifungua valizi, wakaona ndagala, wakafunga mbio. Huku Dallas wakanusa, wakaniambia niende."

Immaculate alivaa glavu. Kabla ya kugusa chochote alipiga picha, upande mmoja, kisha upande mwingine, akiweka rula kando ya kipande ili ukubwa wake uonekane. Dagaa mmoja alikuwa amenasa kwenye waya. Alimpiga picha naye pia, kwa sababu mchunguzi anayechagua cha kupiga picha ameshaanza kudanganya.

"Nani alikiokota?"

"Mke wa kaka yangu. Kilibaki juu ya paa ya dispensari, kule milimani, upande wa Kongo."

"Kaka yako alikuwa nani pale?"

"Infirmier, nesi. Thaddée. Siku hiyo ilikuwa ya chanjo."

"Pole sana, dada."

"Pole nimepewa nyingi." Dévote alikunja kitenge chake vizuri, pembe kwa pembe. "Mimi nataka mikono. Kitu hiki hakikutembea chenyewe mpaka kwetu. Kuna mtu alikiuza, mwingine akakibeba, mwingine akakirusha. Mikono yote utakayoipata, uniambie wewe mwenyewe, kinywa kwa sikio, kabla serikali haijanitumia barua ya Kizungu. Usinifiche hata mmoja."

"Nitakuambia."

"Uahidi."

"Nimeahidi."

Dévote aliondoka na kitenge. Dagaa aliwaacha. "Hizi kula na ugali," alisema mlangoni. "Umekonda."

* * *

Mota ile ndiyo iliyokuwa inageuza usukani wa bawa. Droni ya aina hiyo hairudi. Hurushwa mara moja, imejaa baruti, na kutua kwake ndiko kulipuka kwake. Waliozitengeneza hawakuwa na kiwanda. Waliziunganisha kwa vitu vinavyouzwa madukani, mbao nyepesi, gundi, injini ya kuchezea, mota ya kuchezea. Wafanyabiashara walikuwa na maneno mazuri ya kuielezea hali hiyo. Walisema ni bidhaa za matumizi mawili. Katika uzoefu wa Immaculate, matumizi ya kwanza yalikuwa kwenye risiti na ya pili kwenye makaburi.

Chini ya taa aliiona namba ya kiwanda, au mahali ilipokuwa. Mtu alikuwa ameikwangua kwa tupa mpaka chuma kikang'aa. Kwenye ubavu wa pili, chini ya masizi, palikuwa na nukta mbili za rangi ya dhahabu. Ya kwanza ilikuwa duara safi. Ya pili ilikuwa na mkia ulioteremka upande, kama kiluwiluwi.

Alikuwa ameziona nukta hizo kabla, katika picha za mabaki ya droni nyingine zilizoanguka katika milima ileile. Katika ripoti yake aliziita alama ya kiwanda. Viwanda vingi huweka tone la rangi kwenye kitu kilichokaguliwa, na yeye aliandika hivyo bila kuuliza. Sasa aliuliza. Kiwanda kilijibu upesi, kwa fahari ya watu wasio na habari: wao hawapaki rangi kamwe, huchonga kwa leza.

Alimpigia simu Sheldon, mkuu wake, aliyekaa makao makuu Dallas.

"Nimekosea kwenye ripoti," alisema. "Zile nukta si za kiwanda."

"Immaculate, hiyo ripoti iko kwa slaidi zangu. Conference ni wiki hii."

"Basi zitoe."

Sheldon alipumua kwenye simu. Alikuwa mtu wa slaidi. Alikuwa amevizungumzia vita katika hoteli nyingi nzuri, na hakuwahi kushika kipande chenye masizi kisichokuwa ndani ya kisanduku cha kioo. "Sawa. Kama si kiwanda, ni nani?"

"Muuzaji, labda. Msambazaji wa huko Dallas anasema ni duka moja tu Houston linalochukua mota hizi kwa makatoni. Liko hapa Stafford. La Wilfred Kimutai."

"Engineer Wilfred? Huyo ni mtu wa kanisa."

"Ndiyo. Hukaa mbele."

"Nenda polepole. Na huyo mama wa Haltom City, usimwambie kitu mpaka serikali ipate ripoti kwanza. Ukimwambia, hii kesi nampa mtu mwingine. Tumeelewana?"

"Nimekusikia," alisema Immaculate.

* * *

Hakuna daraja wala mtambo uliojulikana kujengwa na Engineer Wilfred. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku moja katika harambee, akiwa ameshika maikrofoni, na kwa kuwa alikuwa ametoa mchango mkubwa hakuna aliyekipinga. Dukani kwake ndege za povu zilining'inia darini, na nyuma ya kaunta palikuwa na aya ya Biblia juu ya uaminifu, iliyowekwa kwenye fremu.

"Chamgei, mtoto wa Kigen," alimsalimu kwa Kikalenjin. "Umekuja kumnunulia mtoto ndege? Aa, nimesahau. Bado unachagua."

"Chamgei. Nimekuja kuuliza juu ya mota."

Aliweka picha moja kwenye kaunta, ile ya ubavu wenye nukta. Wilfred alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Mota ni mota. Hii hata watoto wa shule wanatumia."

"Hii ilikuwa juu ya paa la dispensari. Iligeuza bawa la droni."

"Wakongo." Wilfred alitikisa kichwa kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Wale wanauana tangu mimi nikiwa mtoto. Hata ukiwauzia vijiko watauana navyo."

"Aliyekufa alikuwa nesi. Alikuwa anachanja watoto."

"Tutamwombea."

"Jina lake hujaliuliza."

"Mungu analijua." Alimimina chai kutoka kwenye thermos, kikombe kimoja, chake. "Sikiliza. Mimi sijawahi kutuma hata boksi moja nje ya Amerika. Uliza posta. Uliza watu wa kontena. Uliza serikali. Jina langu ni safi."

Hilo lilikuwa kweli, na Immaculate alikuwa ameshalihakikisha. Jina la Wilfred halikuwa kwenye mzigo wowote uliovuka bahari.

"Nioneshe ulizonazo," alisema.

Wilfred alifurahi kuombwa. Alipasua katoni, akazimwaga mota kwenye kaunta kama mtu anayemwaga mahindi. "Chagua yoyote. Iko wapi hiyo dhahabu?"

Immaculate alizigeuza moja baada ya nyingine. Hazikuwa na rangi. Kila moja ilikuwa na namba yake, safi, iliyochongwa kwa leza.

"Umeona?" Wilfred alikunywa chai. "Unasumbua wazee kwa sababu ya tone la rangi. Na utumie akili tuliyokusomeshea. Mtu atoe jasho kukwangua namba, halafu aache rangi inang'aa hivyo? Huyo si mhalifu. Huyo ni mjinga."

Immaculate aliichukua picha yake, akaipangusa, akairudisha kwenye mkoba.

"Nani amekuambia namba imekwanguliwa?"

Feni ya darini ilizitikisa ndege za povu.

"Si hivyo ndivyo wanafanya? Kila mtu anajua."

"Picha hii haioneshi upande wa namba. Na mimi sijalitaja jambo hilo."

"Mtoto wa Kigen," Wilfred alisema polepole, "baba yako ni mtu wa heshima. Usinifanye nimpigie simu."

"Baba alifariki, Engineer. Wewe ndiye uliyesoma wasifu wake kanisani. Ulisoma kwa muda mrefu sana."

Alimwacha akizirudisha mota kwenye katoni. Mikono yake ilikuwa na haraka ambayo mdomo haukuwa nayo.

Garini Immaculate aliyapanga aliyoyapata. Alikuwa na mwongo. Lakini mwongo si njia, na mota ilihitaji njia kutoka Stafford mpaka milimani. Tena kuhusu rangi, na hilo ndilo lililomkera zaidi, Wilfred alikuwa amesema kweli. Mshangao wake juu ya zile nukta haukuwa wa kuigiza. Hakuwa ameziona kabla.

Basi nukta ziliwekwa baada ya namba kukwanguliwa, na mtu ambaye Wilfred hakumtazama akifanya kazi yake.

* * *

Immaculate aliishi Pearland, katika chumba cha juu ya gereji ya binamu yake Everline. Everline alikuwa nesi wa wodi ya upasuaji katika hospitali moja ya mjini, na ndiye aliyempokea Immaculate alipofika Texas kama mwanafunzi. Kwa mila za kwao hakuwa binamu. Alikuwa dada.

Jumamosi alasiri sebule ilikuwa imejaa masanduku yaliyo wazi. Everline alikuwa anasafiri kwenda Eldoret, na Mkenya akisikika anasafiri simu yake hailali. Huyu analeta viatu vya mama, yule vitamini za baba, mwingine simu ya mpwa wake, na kila mmoja huapa kuwa ni kitu kidogo tu. Kukataa ni kuvunja undugu. Everline alikuwa amezitupa boksi zote ili kupunguza uzito, na mzani wa kuning'iniza masanduku ulikuwa begani mwake kama stethoskopu.

"Immah, njoo ukalie hii suitcase ifunge. Wewe si mzito lakini utasaidia."

"Hizi zote ni za watu?"

"Zangu ni hiyo sweta. Shika hapo. Za kijani ni za mamake Moraa. Pinki ni za akina Isack. Usichanganye. Safari ile nyingine nilimpa mzee wa watu, mzee wa kanisa, bra za wenyewe. Alinishukuru, akaniombea. Alifungua akiwa nyumbani."

Immaculate alicheka, kisha akaacha. Kwenye soli ya kiatu kimoja palikuwa na tone la kijani. Kwenye chupa ya vitamini palikuwa na tone la pinki.

"Unapaka nini?"

"Rangi ya kucha. Kwani hujawahi kuona? Wodini usipopaka mkasi wako utaupata kwa mfuko wa mtu. Kila mtu na rangi yake." Everline alikuwa amepiga magoti mbele ya kitambaa kilichotandazwa, kichupa mkononi, akichovya brashi. Alitumia mkono wa kushoto. "Hii haitoki hata ukiichemsha."

Kwenye kitambaa zilipangwa mota ndogo, nyingi, zikikauka. Kila moja ilikuwa na nukta mbili za dhahabu, ya kwanza duara, ya pili na mkia.

Immaculate alishuka kutoka kwenye sanduku. Likafunguka.

"Immah, jamani."

"Dada, hizi ni za nani?"

"Za Engineer. Nimempa gold, vile ana maringo. Na nampakia mbili, moja inaweza kubanduka. Ni za watoto wa shule huko kwao, wanaunda roboti."

"Namba zake ziko wapi?"

Everline aliigeuza moja. "Zilikuja zimekwaruzwa hivi. Alisema ni mtumba, ndio wasitozwe ushuru."

"Anajua kwamba unazipaka?"

"Nimwambie ya nini? Huyo hajawahi hata kuingia hapa ndani. Anaacha boksi mlangoni, anapiga honi, anaenda. Na nikifika Nairobi kuna kijana hungoja airport, ananyakua tu, hata asante hana."

Immaculate alitoa simu yake, akatafuta picha aliyoipiga ofisini, akampa. Everline aliitazama kama anavyotazama kidonda, kwa karibu, bila kukunja uso. Aliikuza kwa vidole.

"Huu ni mkono wangu," alisema. "Ya pili huwa inanikimbia. Imetoka wapi? Mbona imeungua?"

"Ilikuwa ndani ya droni iliyolipuka. Ilianguka kwenye dispensari siku ya chanjo. Ilimuua nesi anayeitwa Thaddée."

Everline alikifunga kichupa. Alikifunga vizuri, akakaza kifuniko, akakiweka chini.

Sasa njia yote ilionekana, na ilikuwa njia ya kudharaulika kweli. Wilfred alikuwa amewaogopa watu wa posta, wa kontena na wa serikali. Kwa hiyo alichukua kitu ambacho watu wa kwao hawawezi kukataa, ule mzigo mdogo wa mtu anayesafiri, akakifanya ghala lake. Alikwangua kila namba. Alifikiria kila kitu isipokuwa kwamba mwanamke anayembebea ana akili na mpangilio wake. Na waliozipokea kule mbali hawakuwa bora kuliko yeye. Waliiona dhahabu wakadhani ni ya kiwanda, kama msomi mmoja wa Stafford alivyodhani.

"Nitahitaji uniwekee tone moja kwenye kadi nyeupe," Immaculate alisema. "Na hicho kichupa, maabara watalinganisha. Na hizi mota zote."

Everline aliweka tone. Mkia ukashuka upande uleule.

"Sema ni Wilfred," alisema.

"Nitasema ni Wilfred."

"Sema Wilfred tu."

Immaculate alikuwa anaifunga kadi kwenye mfuko wa ushahidi. "Utakuwa shahidi, dada. Si mshtakiwa. Hukujua ulichokuwa unabeba, na wewe ndiye utakayemfunga."

"Shahidi. Hilo ni jina la mtu mkishamaliza kumtumia. Nina leseni, Immah. Jina langu likikaa sentensi moja na droni, nani ataniachia mgonjwa?"

"Serikali italinda jina lako. Nitahakikisha."

"Basi nani mwingine anataka kulijua?"

"Dada yake Thaddée. Nilimwahidi mikono yote. Nilimwahidi sitaficha hata mmoja."

"Mtu umeonana naye mara moja."

"Ndiyo."

"Mimi nilikufungulia huu mlango ukiwa na begi moja na kikohozi." Everline alisimama. Alianza kuvitoa vitu kwenye sanduku, viatu, vitamini, sweta yake, akivirusha kwenye sofa bila kuangalia rangi. "Nenda. Lakini ukienda Haltom City, funguo uziache hapo mezani."

* * *

Ushahidi ulikwenda Dallas. Sheldon alituma ujumbe kwamba kazi ilikuwa safi sana na kwamba slaidi zingependeza. Chini yake aliongeza: Yule mama, hapana.

Jumapili baada ya misa Immaculate alikuwa sebuleni kwa Dévote, kwenye ghorofa ya pili ya nyumba za kupanga huko Haltom City. Picha ya Thaddée katika koti jeupe ilikuwa juu ya televisheni. Maharage yalikuwa jikoni, na Leonce, mume wa Dévote, alikuwa amewapeleka watoto nje ili wakubwa wazungumze.

Alimweleza kila kitu kwa mpangilio. Duka, tupa, namba. Kijana wa uwanja wa ndege ambaye bado hana jina, lakini atapatikana. Wale wa milimani, ambao wanatafutwa na watu wengine wenye uwezo kuliko yeye. Kisha akamtajia Wilfred Kimutai.

"Wilfred," Dévote alirudia, kama anayelijaribu neno la lugha ngeni. "Ana watoto?"

"Anao."

"Anaenda kanisa?"

"Anakaa mbele."

Dévote alitoa sauti puani, fupi, kavu. Haikuwa kicheko. "Bien sûr," alisema. "Nyuma angeonekana na nani."

Aliitazama picha. Kisha akapangusa magoti yake kwa viganja, kama mtu aliyemaliza kupalilia, akasimama.

"Bon. Umefanya ulichosema. Wengi wananiahidi, halafu simu zao zinakufa. Ngoja nilete chakula."

Hakuuliza zaidi. Alikuwa ameshafika mlango wa jikoni, na harufu ya maharage ilikuwa nzuri. Immaculate aliweka mkono mfukoni, mahali funguo za Pearland zilipokuwa zinakaa kabla hajaziacha mezani.

"Rudi ukae kwanza, dada," alisema. "Bado mkono mmoja."

Dévote aligeuka.

"Anaitwa Everline. Hakujua alichobeba, lakini alikibeba. Ni dada yangu."